Siku Niliyoinamisha Macho

Mkeka wa katani ulionyeshewa, ukianikwa juani, hutoa harufu ambayo sijawahi kuikuta kwenye kitu kingine. Ni harufu ya gunia jipya na nyasi kavu, na ndani yake kuna uchachu kidogo, kama wa togwa iliyolala siku mbili. Mpaka leo nikipita kwenye duka linalouza kamba za katani miguu hupunguza mwendo yenyewe, na hapo najiona tena nina miaka kumi na mmoja, nimevaa sweta la shule siku ya Jumapili, natazama wanaume wanne wakiukunjua mkeka mrefu juu ya ukanda wa saruji katikati ya uwanja. Jua la Juni limeshachomoza lakini halina faida yoyote. Nyasi zina sakitu nyeupe, na mtu akiongea unauona mvuke ukimtoka kinywani. Mkeka ukishatandikwa wanaupigilia misumari pembeni, wanauvuta, wanaupigilia tena, kisha mmoja wao, mzee mfupi mwenye suruali nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi mpaka inakata, anapita juu yake kwa soksi akitafuta makunyanzi kwa vidole vya miguu. Huyo alikuwa Mzee Harish, na msimu ninaousimulia ndio uliokuwa wake wa mwisho hapa Mbeya.

Sisi tuliishi Ilomba. Baba alikuwa mfanyabiashara wa viazi, Mnyakyusa wa safari nyingi, na mama, Mwalimu Yusta, alikuwa Mhehe wa Igowole aliyefundisha shule ya msingi. Pale Ilomba kriketi tuliijua kwa mbali, kama mchezo wa Wahindi wenye maduka mjini, mchezo wa kuvaa nguo nyeupe na kusimama. Kumbe waliocheza walikuwa mchanganyiko: Wahindu, Waislamu, na vijana wachache wa Kisafwa walioanza kwa kuokota mipira wakaishia kuipiga kuliko wenyewe. Mama aliingia humo kwa mlango wa netiboli. Katika mashindano fulani ya shule za msingi alikuwa mwamuzi, na dakika ya mwisho akaipa shule pinzani adhabu iliyoiangusha shule yake mwenyewe. Watu walizomea, mwalimu mkuu wake akamnunia wiki nzima, naye mama alisimama pale na filimbi yake kana kwamba anasubiri maji yachemke. Mzee Harish alikuwepo siku hiyo kwa sababu ndiye aliyetoa jezi. Kesho yake alikuja Ilomba kwa miguu akiuliza nyumba ya refa asiye na ndugu.

Shida yake ilikuwa hii. Katika kriketi mpigaji husimama mbele ya vijiti vitatu, na kazi yake ni kuvilinda kwa ubao. Akivilinda kwa mguu, yaani mpira ulikuwa unakwenda kugonga vijiti lakini mguu wake ukauzuia, ametoka, yaani zamu yake imekwisha. Watu wa Mbeya waliiita sheria ya mguu. Ina vifungu vya kuumiza kichwa, ila kwa habari hii kimoja kinatosha: mpira ukigusa ubao kwanza, hata kwa kuupapasa tu, mguu hauna kosa. Anayeamua ni mtu mmoja aliyesimama hatua ishirini na kitu kutoka hapo, ambaye kazi yake ni kuona njia ambayo mpira haukupita. Sasa mechi zetu hazikuwa na waamuzi wa kuajiriwa. Desturi ilikuwa kwamba timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi, wale wachezaji ambao zamu yao haijafika. Nani atamtoa mjomba wake aliyempa lifti asubuhi? Hakuna aliyewahi kutolewa kwa mguu. Mbeya na Iringa waligombana juu ya jambo hilo mpaka wakaamua kuifuta sheria yenyewe, na tangu hapo wapigaji wakawa wanaweka mguu mbele ya vijiti kama anayezuia mbuzi wasiingie shambani. Mzee Harish alisema mchezo umekuwa wa mateke. Alitaka sheria irudi kabla hajaondoka.

Kuondoka kwake kulijulikana. Magoti yalikuwa yamechoka, mke alikuwa amekwisha kufariki, na watoto wake walioko Uingereza walikuwa wamemkatia tiketi ya mwezi wa Oktoba. Duka lake la uzi, vifungo na zipu, ambalo mafundi cherehani wote wa mjini walilitegemea, lilikuwa linakwenda kwa mpwa wake Jayesh. Mzee alikuwa na hamu moja tu iliyobaki, na hakuificha. Mafundi walimtania nayo waziwazi. Katika miaka yote ya kucheza hakuwahi kufikisha mikimbio hamsini, yaani pointi hamsini katika zamu moja. Mara moja alifika arobaini na moja, akakanyaga vijiti vyake mwenyewe, akatoka. Alitaka hamsini moja, halali, iliyopigwa mbele ya refa anayeweza kumtoa. Hamsini ya mateke, alisema, hata ng'ombe anaweza kuipata.

Masomo yalifanyika dukani, Jumamosi mchana, na mimi nilikwenda kwa sababu Mzee Harish alikuwa na pipi za tangawizi. Aliweka vibunda vitatu vya uzi kwenye kaunta vikawa vijiti, rula ya fundi ikawa ubao, kifungo cha koti kikawa mpira. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja na daftari, akiandika kama mwanafunzi wa chuo. Alimuuliza maswali mengine mpaka mzee akafungua kitabu cha sheria. Kifungu kilichomsumbua zaidi hakikuwa cha mguu. Kilikuwa kile kinachosema kwamba mwamuzi wa kriketi hamtoi mtu mpaka aulizwe. Anaweza kuona kosa limelala mbele yake, jeupe kabisa, lakini kama timu inayorusha haikupaza sauti kumuuliza, anatazama mbele na mchezo unaendelea. Kwa mtu wa netiboli hiyo ilikuwa kama kuambiwa aone mtoto anaandika ukutani na anyamaze. Mzee Harish alisogeza kibunda kimoja cha uzi, akamwambia taratibu, "Mwalimu, hapa hujibu mpaka uulizwe. Ukiulizwa, hapo huwezi kukaa kimya."

Mama aliitikia, akaandika, akapigia mstari. Jumapili yake ya kwanza, mpira wa tatu tu, kijana mmoja akaukinga kwa goti mbele ya vijiti, na kabla mtu yeyote hajafungua mdomo mama akapuliza filimbi. Alipuliza ile ya netiboli, ndefu, ya kusimamisha mioyo. Mrushaji aliyekuwa anarudi nyuma alijikwaa. Mbwa wa mlinzi wa uwanja alibweka. Kisha watu kumi na watatu waliovaa nyeupe wakamtazama mwanamke mmoja mwenye koti la kijivu, na kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka Ilomba. Jayesh, ambaye tangu mwanzo alisema kwamba mwanamke hawezi kuamua mchezo ambao hajawahi kuucheza, alicheka mpaka akakaa chini. Mama aliitia filimbi mfukoni na hakuitoa tena uwanjani. Alikosea mbele za watu na akabaki amesimama palepale, na mpira uliofuata aliuangalia kwa umakini uleule. Nilimpenda sana mama yangu siku hiyo, ingawa niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Kufikia Julai hakuna aliyecheka tena. Mama alikuwa na namna yake. Wakimuuliza kwa ile kelele yao ya "Vipi, refa?", hakujibu papo hapo. Alisubiri kama mtu anayesikiliza mlango ukibishwa nyumba ya pili, halafu ama alitikisa kichwa, ama alinyanyua kidole cha shahada juu ya kichwa, polepole, na mtu ametoka. Hakueleza wala hakuomba radhi. Wapigaji wakaanza kuondoa miguu mbele ya vijiti na kutumia ubao, na Mzee Harish akawa anatembea pembeni ya uwanja akitabasamu peke yake. Mchezo unahitaji waamuzi wawili, wa pili akisimama ubavuni mwa mpigaji. Kwa kuwa wachezaji walikuwa pungufu kila wiki na mimi nilikuwa nimesikia masomo yote ya dukani pamoja na pipi, nikawekwa mimi. Nilikuwa mwamuzi kamili kwa mujibu wa kitabu. Kama mwamuzi mkuu hakuona au hakusikia jambo, aliruhusiwa kumuuliza mwenzake wa ubavuni kabla ya kuamua. Mwenzake huyo alikuwa mimi, mwenye ndala na soksi.

Hapa sina budi kueleza macho ya mama. Kwao Igowole mtoto akitazamwa na mkubwa huinamisha macho. Huo si woga, ni adabu. Mtoto anayemkazia mkubwa macho amekwisha kushindikana, na wanaolaumiwa ni wazazi. Sisi tulilelewa hivyo hata mjini. Mama hakuwa na haja ya fimbo wala ya kelele. Wageni wakiwa sebuleni na mkono wangu ukielekea kwenye andazi la tatu, alinigeuzia uso tu, bila kusema neno, na mimi nikarudisha mkono nikatazama sakafu. Kutazama sakafu maana yake ilikuwa: nimesikia, Mama, sirudii. Tulizungumza hivyo kwa miaka bila kukosana hata mara moja. Heshima si utumwa, walisema, na mimi sikuwahi kuiona kama utumwa. Ilikuwa lugha yetu ya nyumbani, na sikufikiri kwamba mtu anaweza kuihamishia mahali ikaharibu kitu.

Mechi ya Iringa, ambako nako walikuwa wamekubali sheria irudi, ilikuwa Jumapili moja ya Agosti. Tuliondoka Jumamosi kwa Coaster ya kukodi, mkeka umefungwa juu ya keria, tukalala kwa familia za wenyeji, na asubuhi tukapanda kwenye uwanja ulioko juu kilimani, ambako upepo wa Iringa haumwulizi mtu kama amevaa. Chini yetu malori yalikuwa yanapanda kutoka Ipogolo kwa gia ndogo, yakinguruma mfululizo. Iringa walipiga kwanza. Mchana ikawa zamu yetu, na kwa desturi waamuzi wakawa wetu, yaani mama na mimi. Mzee Harish aliingia mapema. Nimewaona watu wengi wakicheza tangu hapo, wengine kwenye televisheni, lakini sijaona mtu akicheza kwa subira kama ile. Hakupiga kwa nguvu. Aliugusa mpira tu, akauelekeza palipo na nafasi, akachechemea upande wa pili. Kumi, ishirini, thelathini. Alipopita arobaini na moja wenzake walisimama wote, na hata Wairinga walipiga makofi, kwa sababu habari ya hamsini ilikuwa imefika huko kabla yake. Akiwa na arobaini na saba alinitazama, akanikonyeza. Moyo wangu ulikuwa umejaa.

Mrushaji alikuwa Imtiaz, kijana wa duka la matairi, mrefu, mwenye mpira wa chini unaofika kabla hujajiandaa. Aliruka, akaachia. Nilisikia sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba sana, ya mpira kupapasa ukingo wa ubao. Ya pili ilikuwa nzito, ya mpira kugonga kikinga cha mguu. Upepo ulikuwa unatoka kwa Mzee Harish kuja kwangu, hivyo mimi nilizipata zote mbili. Kwa mama upepo ulikuwa unaichukua sauti, na lori lilikuwa linanguruma chini. Imtiaz na wenzake kumi waligeuka wakanyoosha mikono, "Vipi, refa?", na sauti hiyo haikuwa na hila, kwa sababu nao walisikia moja tu. Mama alisubiri kama kawaida yake. Kisha akageuza uso, akanitazama mimi. Ilikuwa ile ya sebuleni, ya andazi la tatu. Nikajiangalia haraka nimekosea nini, nikakuta mkono mmoja umo mfukoni mwa sweta. Nikautoa, nikasimama wima, nikainamisha macho kwa adabu zote nilizofundishwa. Nilipoyainua, kidole cha mama kilikuwa juu.

Mzee Harish aliutazama ubao wake, akaufuta ukingo kwa kidole gumba mara mbili, akauweka kwapani, akaanza kuondoka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi wakati ule sikujua alichokuwa anafuta. Nilichojua ni kifungu kingine cha kitabu, nilichokisikia dukani nikiwa na pipi mdomoni: mpigaji aliyetolewa kwa makosa anaweza kuitwa arudi, mradi hajavuka mstari wa chokaa unaozunguka uwanja. Na kwa magoti yale alikuwa na safari ndefu. Ningeweza kukimbia kwa mama. Ningeweza kupaza sauti. Lakini nje ya mstari alikuwa amesimama Jayesh, ambaye msimu mzima alisubiri mwanamke akosee, na miji miwili ilikuwa inatazama. Nikajiambia namlinda mama. Sasa nikiwa mtu mzima naweza kusema ukweli wote: kumlinda kulikuwemo, lakini woga ulikuwa mwingi zaidi. Nilimtazama akichechemea hatua kwa hatua, mpaka kiatu chake cheupe kikavuka chokaa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tulishindwa kwa mikimbio michache. Ndani ya Coaster Jayesh alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wengine wanatoa hukumu ili wasifiwe na wageni, na kwamba mjomba wake ameuawa hamsini yake na refa wake mwenyewe. Mzee Harish, aliyekaa mbele na goti limefungwa kanga, alimwambia refa ameshaamua na yeye ale ndizi. Mama alitazama dirishani njia nzima. Mimi nilijifanya nimelala kuanzia Mafinga, na niliposhtuliwa Makambako ili nile, nilisema tumbo linauma.

Nilivumilia mpaka Jumanne. Tulikuwa tumekaa uani mchana, tunachambua maharage kwenye ungo mmoja, na nikajikuta nimeacha kuchambua. Nikamwambia nilisikia mpira ukigusa ubao. Nilimwambia nikitazama maharage. Mama naye mikono ikasimama. Akasema, "Nilikuuliza pale, Atupele. Nilikugeukia nikakuuliza, ukainamisha macho kuniambia hakuna kitu." Nikamjibu kwamba sikujua kama ananiuliza, nilidhani ananigombeza kwa ajili ya mkono uliokuwa mfukoni. Alilielewa jambo lile polepole: kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha jibu lile, tangu nilipoanza kutambaa. Hakunichapa. Ningependa angenichapa, tukamaliza. Alifunika maharage, akanawa uso, akavaa lile koti la kijivu la uwanjani na kuniambia nivae viatu.

Duka lilikuwa na mafundi watatu na Jayesh. Wakubwa wengine wangemwita mzee pembeni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mama alikuwa na sababu zote za kunong'ona. Alisema akiwa amesimama katikati ya duka, kwamba Jumapili alimtoa Mzee Harish kwa makosa, kwamba mpira uligusa ubao, na kwamba amekuja kuomba radhi. Mafundi waliacha kupima zipu. Mzee Harish alivua miwani. "Nilijua, Mwalimu," alisema. "Ubao ulikuwa mkononi mwangu." Kisha akaeleza kuhusu kile kidole gumba. Mpira mwekundu huacha alama kwenye mbao, na alama ile ilikuwa pale ukingoni, wazi. Aliifuta kabla Jayesh hajaiona, kwa sababu Jayesh angeizungusha uwanja mzima, na Jumapili inayofuata wangekuwa wamemwondoa refa na kurudi kwenye mateke. Mama alimuuliza, kwa sauti ya chini sasa, vipi kuhusu hamsini yake. Mzee alihamisha kibunda cha uzi kutoka kulia kwenda kushoto, akakirudisha. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Niliitaka sana," alisema. "Sitakudanganya, Mwalimu. Niliitaka sana."

Nilianza kulia palepale dukani, na ndipo mama akafanya jambo ambalo hakuna mama wa Kihehe niliyemfahamu aliyewahi kulifanya. Aliinama, akanishika kidevu, akaniinua uso mpaka macho yetu yakakutana, mbele ya watu wazima. Aliniambia kuanzia siku hiyo, akiniuliza jambo, iwe uwanjani au nyumbani, nimtazame machoni na nimwambie nilichosikia. Iliniwia vigumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Kwa miezi nilikuwa namtazama paji la uso, naye ananirekebisha kama anayemfundisha mtoto kushika kalamu. Bibi alipokuja kutoka Igowole akaliona hilo, alisikitika waziwazi kwamba mjini tumeharibika. Mama alimpikia kuku, akamwacha aseme.

Jumapili iliyofuata, kabla mkeka haujatandikwa, aliwaambia wote kile alichokisema dukani. Jayesh alikuwa amejiandaa kwa maneno wiki nzima, lakini mtu aliyejishtaki mwenyewe anakuachia nini cha kusema? Alisugua kichwa, akasema basi, Mwalimu, simama tuanze, jua linapanda. Hakuwahi tena kumpinga. Zilibaki Jumapili chache. Mzee Harish alipiga kumi na mbili, akapiga sita, na ya mwisho akatolewa kwa mpira wa kwanza, kwa mguu, halali kabisa, na kidole cha mama kilipopanda nilimwona akicheka njia nzima mpaka kwenye chokaa. Oktoba aliondoka. Mkeka aliuleta nyumbani kwetu Ilomba mwenyewe, kwa toroli la kukodi, akisema stoo ya duka ina panya. Ulikaa nyuma ya mlango wa jikoni miaka mingi na nyumba nzima ikawa na harufu yake. Alikuwa akitupigia simu kila mwaka, mara moja, kuuliza kama tunauanika. Kisha mwaka mmoja simu haikuja, na Jayesh akaja kutuambia.

Siku hizi mwanangu wa kiume ananionyesha kriketi kwenye simu. Kuna kamera zinazochora njia ambayo mpira ungepita, na chombo kinachosikia hata mpapaso mdogo kuliko ule wa Iringa, na hakuna mtoto anayeulizwa kitu. Nafurahi kwa ajili ya wazee wote wenye arobaini na saba. Hapa kwetu bado ni macho na masikio. Mkeka sasa ni wa plastiki, hauna harufu, watoto wa shule ni wengi kuliko wenye maduka, Jayesh ana mvi na ndiye mwenyekiti, na mpaka msimu uliopita mwamuzi mkuu alikuwa bado Mwalimu Yusta, mwenye miaka sitini na sita, na koti la kijivu la tatu au la nne. Wanamheshimu kupita kiasi. Hapo ndipo palipoanza tatizo. Jumapili moja ya Agosti alimtoa kijana mmoja kwa mguu, na sauti ya ubao tuliisikia hata sisi tuliokaa pembeni tukimenya machungwa. Kijana alitazama chini, akaondoka. Warushaji walitazama chini. Jayesh alitazama viatu vyake. Uwanja mzima ulikuwa umeinamisha macho kwa adabu, na mama akageuka huku na huku akitafuta uso mmoja.

Jioni ile jua likiwa bado halijazama tulikaa uani, mimi na yeye, na ungo wa maharage katikati. Aliacha kuchambua. Aliniuliza kama mpira wa yule kijana uligusa ubao. Nilikuwa na majibu mengi matamu, na mdomo ulikwisha kuanza kuchagua mojawapo, na shingo yangu, mwanamke wa zaidi ya miaka thelathini mwenye watoto wawili, ilikuwa inainama yenyewe. Lakini alikuwa ananitazama, na mara hii nilijua ananiuliza. Nikainua uso, nikamtazama machoni. Nilimwambia, "Uligusa, Mama. Na wa wiki iliyopita nao uligusa."

Alisubiri kama kawaida yake, kama mtu anayesikiliza mlango ukibishwa nyumba ya pili. Kisha akanyanyua kidole cha shahada, polepole, mpaka kikapita kichwa chake, akakiacha pale juu, akijitoa mwenyewe, huku macho yake hayajaondoka kwangu hata kidogo.